Miaka Miwili Tuliyompunguzia Faustin

"Mama Faustin, hebu niambie kweli. Huyu mtoto ulimzaa mwaka gani?"

Tusajigwe aliniuliza hivyo akiwa amesimama mlangoni pa jiko langu, kanga kaikaza kiunoni kama mtu aliyetoka kulima, ingawa siku ile hakugusa jembe. Nilikuwa napepeta maharage. Nikaendelea kupepeta. Maganda yaliruka, ungo ukapanda na kushuka, na mimi nikautazama ungo.

"Kadi yake ipo," nilisema mwishowe. "Mwaka umeandikwa."

"Sikuulizi kadi. Kadi haikuumwa uchungu. Nakuuliza wewe."

"Umeandikwa hamsini na nane."

Tusajigwe akainama, akaokota punje tatu za maharage zilizoangukia karibu na mguu wake, akazirudisha kwenye ungo wangu, akaenda zake.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tano, Iyunga, mwezi wa saba, baridi inauma mpaka kwenye meno. Ua wa minyaa ndio uliotenganisha nyumba yake na yangu. Yeye Mnyakyusa, mimi Msukuma niliyeletwa nchi hii na ng'ombe wa mume. Kiswahili chake kilikuwa na Kinyakyusa ndani, changu kina Kisukuma, na tulielewana kuliko watu wa tumbo moja. Nkuba, mume wangu, alipofariki, Tusajigwe ndiye aliyewasha moto wangu siku saba ambazo mimi sikuweza kuuona. Mwanawe wa kwanza, Isakwisa, alikuwa muuzaji wa baa kwenye meli ya abiria ya Ziwa Nyasa. Siku Tusajigwe alipokuja kuniuliza, Isakwisa alikuwa na siku ya tano mahabusu. Aliyemfikisha huko ni mwanangu.

Faustin alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni Iringa. Likizo ilipoanza alipanda basi pale Ipogolo, stendi ya Iringa, akalala kwangu siku mbili, akateremka ziwani kwenda kumsalimia dada yake Helena, aliyeolewa pwani ya kusini ya ziwa. Safari ya meli ni ya kulala humo. Jioni ile akapanda juu, kwenye baa, akamkuta Isakwisa wa jirani amevaa shati jeupe lenye vifungo vya shaba.

Lazima niseme jambo hapa, maana vijana wa siku hizi hawatanielewa. Nchi kavu hakuna aliyemuuliza mtu miaka kabla ya kumpa pombe. Kule Kihesa, karibu na shule, wanafunzi walikunywa ulanzi, pombe ya mianzi, Jumapili mchana, na mwenye kibanda hakuwauliza kitu ila kama bakuli lake limerudi. Kwetu Usukumani, kijana akishaweza kuswaga ng'ombe peke yake mpaka majini, wazee walimpitishia kibuyu. Mwili ndio uliosema. Lakini mle melini, juu ya kaunta, kulikuwa na ubao wa herufi nyekundu: ni marufuku kumuuzia kileo mtu aliye chini ya miaka kumi na minane. Nchi kavu tulihesabu misimu, melini walihesabu miaka.

Faustin alikunywa chupa tatu. Hakuwahi kunywa bia ya chupa. Alfajiri meli ilipotia nanga, abiria wakawa wanashuka kwa ngazi ya kamba kuingia kwenye mtumbwi, mguu wake ukakosa kidato. Ukabanwa kati ya mtumbwi na ubavu wa meli. Waliomvuta walisema mfupa ulisikika. Askari wa ufukweni akanusa pombe, akaomba kitambulisho, akasoma cha shule: kuzaliwa 1958. Akahesabu kwa vidole. Kumi na saba.

Nilimfuata hospitali ya wilaya. Nilimkuta mguu umefungwa hogo la plasta kutoka kisiginoni mpaka pajani, macho yamemtumbukia.

"Isa aliniuliza, Mayu, mama yangu," aliniambia kabla sijakaa. "Alicheka kwanza. Akasema, 'Ngosha, hapa siyo machungani kwenu, hapa kuna ubao. Una miaka mingapi?' Nikamwambia kumi na tisa."

Nikalikunjua blanketi lililokuwa miguuni pake.

"Si ndiyo kumi na tisa?"

"Tulia, mwanangu. Pona kwanza."

"Waambie basi. Isa hana kosa. Waambie miaka yangu."

Nikamfunika blanketi mpaka kidevuni.

Maana ilikuwa kumi na tisa. Faustin alizaliwa Shinyanga, mwaka ambao Nkuba alihamisha boma mara mbili, na mimi nilijifungua katikati, chini ya ngozi iliyotandazwa juu ya miti minne. Mwaka huo siusahau. Ulikuwa hamsini na sita. Tulipofika Usangu na mifugo mwaka wa sitini na saba, mtoto alikuwa na miaka kumi na mmoja na hakujua hata herufi moja. Alikuwa amesoma ng'ombe tu. Mwalimu alipokea watoto mwisho miaka tisa. Faustin alikuwa mdogo wa umbo, mifupa ya ndege. Nkuba akaniambia, "Tumpunguzie." Katekista Liberatus alipokuja kuandika majina ya ubatizo, akauliza mwaka, na mimi ndiye niliyejibu. Aliandika taratibu, ulimi kautoa pembeni ya mdomo. Nilijiambia Mungu anajua mwaka wa kweli, na Liberatus anahitaji mwaka wa kuandika tu.

Umbo halikubaki lile. Tusajigwe alizoea kumtania akija likizo: "Mama Faustin, mwanao ana ndevu kuliko marehemu mume wangu, na bado anavaa kaptula ya shule! Walimu hawamwogopi?" Tulicheka wote. Mimi nilicheka nikiangalia mlango.

Mwaka ule ule wa sabini na tano shule yao iliwaondoa vijana wawili waliogundulika kupunguza umri. Faustin mwenyewe alinisimulia, akijifanya anacheka. Wa tatu hakuwa amepatikana.

Basi nilikwenda mahakamani nikiwa na rozari mfukoni na kadi ya ubatizo ndani ya kitambaa. Usiku wote niliomba, na kusema kweli sikuomba nguvu ya kusema kweli. Niliomba wasiniulize. Niliwaza: nitatoa kadi, kadi itaongea, mimi nitakuwa nimenyamaza tu, na kunyamaza hakumo katika amri kumi.

Hakimu alikuwa kijana mwenye miwani. Alinishikisha Biblia, akapokea kadi, akaigeuza mbele na nyuma.

"Mama, kadi tumeiona. Mshtakiwa anasema kijana alimwambia kumi na tisa. Wewe ndiye mzazi. Unasemaje?"

Isakwisa alikuwa kizimbani na lile shati jeupe, limechafuka kwenye kola. Alinitazama bila wasiwasi wowote. Alikuwa amepumua, mabega yameshuka, kama mtu ambaye shahidi wake amefika.

"Ni kama kadi inavyosema," nilisema. "Hamsini na nane."

"Mama?" alisema Isakwisa.

Neno hilo moja tu. Hakimu akamwambia anyamaze. Walimpa miezi sita, kwa sababu mtu alikuwa ameumia, na ubao ulikuwa juu ya kichwa chake mwenyewe.

Niliogopa matusi ya Tusajigwe. Nilijiandaa nayo, hata maneno ya kumjibu niliyapanga njiani. Asubuhi iliyofuata tulikutana bombani. Akaweka ndoo yake nyuma ya yangu. "Ndaga, Mama Faustin," akanisalimia. "Mgonjwa anaendeleaje?" Nikasema anaendelea vizuri. Akasema ashukuriwe Mungu. Maji yalichukua muda mrefu kujaa.

Jumapili nilikaa kiti cha nyuma. Watu walipopanga mstari wa komunyo, nilibaki nimepiga magoti, uso mikononi, wakadhani nina uchungu wa mtoto. Benedicta, kiongozi wa wanawake wa Kikatoliki, alinishika bega akaniambia nisikate tamaa. Jumapili ya pili vivyo hivyo. Ya tatu nikasema najisikia homa.

Ni miaka mingi sasa. Faustin anafuga kule Usangu, ana watoto wake, anachechemea kidogo wakati wa baridi. Watu hunishangaa: mtoto mwenye akili vile, aliyekuwa wa pili darasani, iweje aliishia kidato cha pili? Mimi huwajibu kwamba ni ule mguu. Nao hutikisa vichwa kwa huruma, na mimi huacha watikise. Mguu ulipona.

Mwaka ule Faustin alirudi nyumbani mwishoni mwa mwezi wa tisa, kwa magongo, amekonda. Barua ya shule ilikuwa imefika: arudi Jumatatu, nafasi yake ipo, walimu wanampa pole. Nilikuwa nimeiweka juu ya meza aione akiingia. Nilikuwa nimechinja kuku. Ilikuwa saa saba mchana, mlango uko wazi, jua limeingia mpaka kwenye miguu ya meza.

Alisoma barua. Akaikunja. Akanawa mikono, akakata tonge, akalishika bila kulichovya.

"Meli imeingia? Nataka nimwone Isa."

"Kula kwanza."

"Yuko wapi, Mayu?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa kifupi, nikitazama mboga.

Aliliweka tonge pembeni ya sahani. "Uliwaambia miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Wewe mwenyewe? Kwa mdomo wako?"

"Faustin, baba yako alikufa akitaka usome. Wale wawili waliofukuzwa umewaona. Ningefanyaje?"

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemdanganya Isa." Alisema polepole, kama anayesoma maneno ubaoni. "Yuko ndani kwa sababu nilimwambia ukweli."

"Amebakiza miezi minne tu," nikasema. Nilikuwa nimefanya hesabu hiyo kila siku, na sauti yangu ilikuwa tulivu, sauti ya mtu aliyefikiri vizuri. "Isa atatoka, mwanangu. Shule ikikutoka hairudi. Miezi minne ni nini kwa kijana mwenye nguvu zake?"

Hapo ndipo aliponitazama. Niliwahi kuuona uso ule mara moja, siku Nkuba alipogundua kwamba ng'ombe aliyemwamini amenyonya maziwa ya ndama wa mwenzake, akabaki kumwangalia tu bila kuinua fimbo. Nikanyoosha mkono kushika wake. Alikuwa ameshausogeza.

Aliinuka kwa shida, akakataa nimsaidie. Akaacha barua mezani. Mlangoni alisimama kidogo kuyapanga magongo yake, akateremka kizingiti mguu mmoja baada ya mwingine, na akashika upande wa ua wa minyaa, ambako Tusajigwe alikuwa ameinama juu ya mkeka anaanika ulezi.