Mlio Chumbani kwa Kaka

Fundi cherehani wa mlango wa pili anadai aligusa tu nondo za dirisha la kaka, umeme ukamrusha mpaka kwenye ndoo za nguo.

"Anatia chumvi huyo," kaka alisema.

Dada yake hakucheka. Chuoni, kaka anakosomea shahada ya pili ya uhandisi wa umeme na kompyuta, ni marufuku kufanya majaribio bila mwenzako kukaa kwenye swichi. Kaka kachoka kusubiri wenzake, mtambo wake wa majaribio kauhamishia chumbani.

"Basi mimi nikukalie swichi."

"Wewe hata redio inakushinda, mdogo wangu." Akajifungia, mtambo ukaanza kulia.

Baadaye mlio ulikolea, kisha kitu kizito kikaanguka. Dada akakimbilia swichi kuu, akazima nyumba nzima. Mlio haukukoma, mtambo ulikuwa na betri zake.

"Kaka, nifungulie mlango."