Siku Mashine Ilipozimwa

Mzee Mutalemwa hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo shida ilipokuwa. Angekuwa katili, Placidia angemchukia na kupata nafuu. Lakini mwenye kiwanda kile cha kukoboa kahawa pale Nkwenda alikuwa mzee wa kanisa, mcheshi, anayekumbuka mpaka majina ya watoto wa wafanyakazi wake. Ndiyo maana Placidia alijipa moyo akamfuata ofisini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

Akasema. Mama yake, Kokuhirwa, alikuwa amepigwa na kiharusi, upande wa kulia wote umelala. Asubuhi alimlisha na kumgeuza kabla ya kuja kazini, na jioni vilevile. Katikati hapo hakukuwa na mtu, maana nyumba ile ilikuwa ya wao wawili tu. Aliomba saa sita mchana achukue bodaboda, akamlishe mama, amgeuze, arudi. Muda huo angeufidia jioni.

Mutalemwa alimsikiliza kwa huruma ya kweli, kisha akatikisa kichwa. "Nikikufungulia geti wewe, kesho kila mtu humu atakuwa na mgonjwa. Msiba sawa, msiba hauna mjadala. Lakini mgonjwa leo yupo, kesho yupo. Mashine haiwezi kumsubiri."

Placidia akashukuru. Ndiyo, akashukuru! Tumelelewa hivyo, tunanyimwa na bado tunasema asante.

Akarudi kwenye chumba cha kuchambulia, akakaa juu ya gunia lake kando ya mwenzake Uwamahoro, akavuta ungo na kuendelea kutenga punje nyeusi. Tangu siku ile akawa anamwachia mama kikombe cha uji juu ya kigoda, upande wa mkono mzima. Kila ikifika saa sita vidole vyake vilichambua kahawa, lakini mwenyewe hakuwepo pale.

Jioni moja alifungua mlango wa nyumbani, na kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa uji. Ulikuwa umemwagika na kukauka sakafuni. Kigoda kilikuwa kimepinduka, na mama ameinamia ukingoni mwa kitanda, mkono wake mzima ukining'inia kuelekea kilipoangukia kikombe. Mwili wake ulikuwa umekwisha poa. Placidia alichukua kitambaa akapangusa uji kwanza. Kisha akatoka kumwita jirani.

Msibani watu walijaa kibanja kizima. Huku kwetu kuzika tunakujua. Laiti tungejua kuuguza namna hiyo! Mutalemwa alizima mashine, akafunga kiwanda kutwa nzima katikati ya msimu. Aliwaleta wafanyakazi wote kwa lori la kahawa, na turubai, na mchele, na sukari, na yeye mwenyewe akashika jembe kufukia kaburi kati ya migomba. Alipomaliza alijifuta jasho akasema machache.

"Placidia ni mwenzetu. Leo kiwanda kimesimama kwa ajili ya mama huyu."

Watu wakanong'onezana kwamba bosi wa namna hii ni wa kutafutwa kwa tochi. Placidia hakulia. Wanawake walimtazama, kisha wakatazamana. Hakuwa na uchungu wala hasira. Alikuwa na ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na ndani ya ganzi hiyo lilipita wazo moja, likarudi, likapita tena: kumbe mashine inazimika.

Alipewa wiki nzima ya kupumzika. Aliimaliza akiwa amekaa tu, kwa kuwa nyumbani hakukuwa tena na mtu wa kugeuza.

Aliporudi kazini, ilipofika saa sita aliinuka kwenye gunia bila kujua anakwenda wapi, akakaa tena. Ndipo alipomwona Uwamahoro. Mume wa Uwamahoro alikuwa ameanguka kutoka juu ya mparachichi, nyonga ikavunjika, na sasa alikuwa amelala nyumbani peke yake. Uwamahoro alichambua punje mbili, akatazama geti. Akachambua nyingine, akatazama geti.

"Nenda," Placidia alimwambia.

"Na bosi je?"

"Ungo wako nitauchambua mimi. Mlinzi mwambie nimekutuma."

Placidia alikuwa bado na kitambaa cheusi kifuani, na mlinzi hakuwa na ubavu wa kubishana na mfiwa. Geti likafunguliwa.

Haukupita muda Mutalemwa akaingia, kama ilivyokuwa kawaida yake, akisalimia huku na huku. Alipofika kwenye gunia lisilo na mtu alisimama.

"Uwamahoro yuko wapi?"

"Amekwenda nyumbani kwa mumewe."

Uso wa mzee ukabadilika. Akavua kofia, akainamisha kichwa, na kuuliza kwa sauti ya chini, "Kuna msiba?"

"Bado, mzee."

Mutalemwa alibaki ameshika kofia kifuani. Alimtazama Placidia, akatazama kile kitambaa cheusi, kisha akatazama chini. Placidia alisogeza ungo wa mwenzake karibu na wake. Vidole vikaanza kuchambua, na kwa mara ya kwanza tangu jioni ile alihisi kwamba ni vyake.

Upande wa pili wa ukuta mashine iliendelea kukoboa. Haikuwa na haja ya kuzimwa.