Mkate wa Elna na Tangi la Runar

Mashine ya boti ilizimika mara ya tatu, kati ya kisiwa chao na gati ya feri, na Gunvor akafumba macho ili asitoe neno la kujutia. Mapajani alipakata mkate mweusi wa kimea, umefungwa kwa taulo mbili. Kuutengeneza kulimchukua siku tatu. Ulikuwa wa dada yake Elna, ambaye leo alikuwa anahamia bara, kwenye nyumba ya wazee, kwa feri ya saa nne. Sasa ilikuwa saa tatu na nusu.

"Ni plagi," alisema Runar, mumewe.

"Plagi umeshabadilisha."

"Basi hii mpya ni mbovu. Siku hizi wanauza takataka."

Akaichomoa, akaitazama juani kama mtu anayekagua yai. Ilikuwa nzima. Akairudisha. Kisha akasogeza koti lake la mvua, ambalo, bila kusema kwa nini, alikuwa amelifunikia tangi badala ya kulivaa, akafungua kifuniko na kuchungulia. Petroli tele, imechanganywa na oili vilevile kama alivyoichanganya miaka thelathini. Akafunga, akaminya mpira wa kusukumia mafuta mpaka ukawa mgumu, akavuta kamba mara sita. Mashine ikawaka, ikafuka moshi, ikaenda vizuri dakika tano, ikakohoa, ikafa.

"Runar."

"Usianze."

"Sijaanza. Nauliza tu, tumpigie jirani Valter aje atuvute?"

"Valter! Bora niogelee na kamba mdomoni. Atatusimulia mpaka Krismasi."

"Elna akiondoka bila kuniona, mimi nitakusimulia mpaka unazikwa."

Runar akachukua bisibisi. "Basi ni kabureta."

"Thubutu! Uifungue hapa, skrubu ziingie baharini, halafu uniambie nizipigie mbizi?"

Akaiweka bisibisi chini kwa hasira. Akafungua tangi tena, akachungulia tena, kana kwamba petroli ingemweleza jambo. Akafunga, akavuta kamba. Mashine ikawaka.

Safari hii Gunvor aliacha kutazama saa, akautazama ule mpira. Polepole ukaingia ndani kama shavu la kibogoyo. Mashine ikaanza kukohoa.

"Mbona mpira umebonyea hivyo?"

"Umezeeka. Kama sisi."

"Hapana. Kila ukilifungua tangi, mashine inapona. Ukilifunga, inakufa. Hata mimi kopo la maziwa nikilitoboa tundu moja tu, halimwagi vizuri. Hilo tangi lako linapumulia wapi?"

Runar aliliinamia tangi. Masikio yalimwiva. Akashika skrubu ndogo ya tundu la hewa iliyo juu ya kifuniko, akailegeza, na tangi likavuta hewa kwa mluzi mrefu.

"Miaka yote hiyo huwa wazi," alisema Gunvor. "Nani kaikaza?"

"Mimi. Asubuhi."

"Leo, mume wangu? Katika siku zote za Mungu, leo?"

"Krismasi iliyopita mkate ulinuka petroli." Alikuwa akiisemesha mashine, si yeye. "Elna alikula kipande kimoja kwa adabu. Ukasema si kitu. Halafu ukasimama dirishani muda mrefu."

Gunvor alikuwa na maneno mengi tayari mdomoni. Akayameza. Akaliokota lile koti la mvua, akamtupia mabegani, maana upepo ulikuwa baridi naye alikuwa na shati tu. Kisha akafungua koti lake mwenyewe na kuuingiza mkate ndani, kifuani.

"Vuta kamba," alisema. "Na usiiguse hiyo skrubu."

Mashine haikukohoa tena.

Gatini abiria wote walikuwa wameshapanda, isipokuwa Elna. Alikuwa anavuka daraja la feri hatua moja, pumziko moja, huku kijana wa feri amemshika mkono wala hamharakishi.

"Mguu wangu," Elna alimlalamikia kijana. "Mbovu kabisa leo."

Alipomwona Gunvor akipanda ngazi za gati, aligeuka na kumwendea upesi kwa miguu yote miwili. Kijana akatazama pembeni, akacheka.

Elna alifungua taulo, akazamisha pua mkateni, akanusa mara mbili.

"Haunuki petroli kabisa! Mmefanyaje?"

Gunvor alimtazama Runar kule chini botini, mikono myeusi mpaka viwikoni, akiwapungia.

"Kamkumbatie shemeji yako kabla hujaondoka," alisema. "Petroli yote anayo yeye."