Mkono wa Bi Mkasi

Asubuhi hiyo Bi Mkasi, fundi cherehani wa miaka sitini na tisa, alikuwa akimshushua mke wa mwanawe kama kawaida. Mkwe huyo ndiye aliyekuwa akipiga pasi nguo zilizokwisha kushonwa. Miaka sita walikuwa chumba kimoja cha kazi, na haikupita wiki bila kuchambana.

"Umeunguza kola tena! Hiyo mikono Mungu alikupa ya kulia wali tu?"

Hapo hapo mkasi ukamponyoka. Akataka kuuokota, vidole vikagoma. Kiganja cha kulia kilining'inia kama glavu tupu, wala hakikuuma, na kule kutouma ndiko kulikomtisha.

"Umenifanya nini wewe?" akafoka. "Umetia nini kwenye chai?"

"Chai umepika mwenyewe."

"Basi nimeulalia mkono. Utaamka."

Mkwe akachomoa pasi ukutani. "Mkono ulioulalia usingekata kitambaa tangu asubuhi. Inuka, mama, twende hospitali. Ukinifia hapa watasema nimekuua. Siwezi kubeba msiba wako na lawama juu yake."

"Unaniombea kifo!"

"Nikuombee nini, na mashati kumi yananisubiri?"

Akamshika kwapa, akamtoa. Kwenye teksi Bi Mkasi alimsimulia dereva, tena kwa sauti, jinsi mwanawe alivyooa balaa. Mkwe alimhimiza dereva aongeze mwendo.

Daktari, mwanamke mfupi mwenye miwani, aliwapokea haraka.

"Tabasamu nikuone, bibi."

"Mbele ya huyu? Sina la kuchekea."

"Onyesha meno tu."

Akayaonyesha kama mbwa aliyebanwa kichochoroni. Uso ulikuwa sawa, miguu sawa, na ulimi ndio usiseme. Daktari akampima sukari na presha, akamgusa shingo, akamchoma vidole kwa ncha ya kijiti.

"Mkono kulegea ghafla kuna sababu nyingi," alisema. "Pengine mshipa wa fahamu umebanwa, kwapani au shingoni. Sukari nayo huweza kuleta mambo. Lakini kwa umri wako, na presha iliyopanda hivi, nahofia kiharusi. Kuna kiharusi kidogo kinachoshika kiganja tu, watu wakakidharau. Kilianza saa ngapi hasa?"

"Nitajuaje? Asubuhi."

"Saa tatu kasorobo," mkwe akadakia. "Alikuwa ananitukana. Nilitazama saa nijue ameanza mapema kiasi gani leo."

Daktari akaandika upesi. Walikuwa bado ndani ya zile saa chache ambazo kiharusi huweza kutibiwa kwa dawa. Picha ya kichwa haikuonyesha damu iliyovuja, kwa hiyo wakamtundikia dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda.

"Dawa za presha ulikuwa unakunywa?"

Bi Mkasi akatazama dari.

"Miezi miwili sijagusa," alisema. "Huyu ndiye anayeniletea kutoka duka la dawa. Nitajuaje kama ni dawa kweli?"

Mkwe akasimama. Alikuwa akipanga foleni kila mwezi kwa vidonge vile.

"Ungekufa kwa chuki yako mwenyewe," alisema polepole, "halafu nizikwe mimi kwa maneno."

Akatoka nje. Hakurudi mpaka jioni, na aliporudi alileta nguo safi, akaziweka kitandani bila salamu. Bi Mkasi alikuwa na neno kooni, neno dogo tu la shukrani. Akalimeza.

Baada ya wiki vidole vitatu viliamka. Kidole gumba na cha shahada bado vilisuasua, na mkasi haukushikika. Sasa mkwe ndiye anayekata vitambaa, vibaya, huku fundi akimzomea kutoka kwenye kiti chake.

Vidonge Bi Mkasi huvimeza kila asubuhi, baada ya kuvikodolea macho kama mashahidi wa uongo.

"Nimemeza. Umeridhika?"

"Nyanyua ulimi, mama."

Hunyanyua, akiwa amekunja uso.