Madafu ya Magamba

Mkwe wa mzee Fabiani alikuwa na mimba changa, na mimba ile ilikuwa na vita naye. Ugali ulirudi, uji ulirudi, hata maji yalikaa kidogo tu tumboni kisha yakapanda. Zahanati walimpa dawa wakamwambia avumilie. Mumewe, Simon, alikuwa safarini na lori la mpunga. Nyumbani pale Misunkumilo walibaki wawili tu, mzee mjane na mke wa mwanawe, kila mmoja akimwonea mwenzake haya.

Asubuhi moja Fabiani alikuwa nyuma ya nyumba akinoa panga, akamsikia mkwewe, Christina, akiongea na jirani yao, mama Verdiana.

"Sasa mwanangu, roho yako inataka nini?"

"Dafu," Christina akasema kwa sauti ya chini. "Kwetu Muheza ningekuwa nimeshaanguliwa. Huku nitalitoa wapi?"

Fabiani hakuwahi kunywa dafu maishani mwake. Nazi za sokoni Mpanda alizijua, lakini zile zilikuwa kavu, zimesafiri mpaka zimechoka. Ila aliukumbuka mnazi mmoja kule Magamba, nyuma ya nyumba ya Annonciata, mjane wa Kirundi aliyeimba naye kwaya miaka ya nyuma. Akafunga jogoo kwenye baiskeli, akachukua na kamba yake ya zamani ya kupandia mizinga, akaondoka bila kuaga.

Annonciata alipoelezwa shida yenyewe, alishika kiuno akatazama juu.

"Marehemu ndiye aliupanda. Mimi nasubiri zianguke zenyewe, nazikuna, basi. Hizo za kijani nazo watu wanakunywa?"

"Huyo mtoto anasema zinanywewa."

"Na nani atapanda?"

"Mimi."

"Wewe mzee, ukianguka nitawaambia nini watu wa kwako?"

"Waambie nilikuwa natafuta chakula cha mjukuu."

Enzi zake Fabiani alirina asali kwenye miti mirefu ya porini. Lakini mti wa mizinga una matawi ya kupumzikia. Mnazi hauna huruma hiyo. Alijizungushia kamba na shina, akapanda kidogo kidogo, kifua kikisuguana na yale makovu ya makuti yaliyoanguka zamani. Chini, Annonciata alikuwa ameanza rozari.

Juu kulikuwa na upepo ambao chini haukuwepo. Nazi zilikaa kwa vikonyo, za kahawia nyuma, za kijani mbele. Akakata dafu la kwanza akaliachia. Likapasuka chini, maji yakanywewa na mchanga. La pili vilevile. Fabiani akaona aibu peke yake juu kule. Kisha akalegeza ncha ya kamba iliyobaki, akafunga kishada kizima, akakikata, akakishusha polepole kama mtu anayeshusha mtoto kutoka mgongoni.

Annonciata alikipokea kwa mikono miwili. Akaongeza na nazi kavu zilizoanguka wiki ile, na jogoo akampokea pia, baada ya kukataa kwanza.

Christina alikuwa amelala kwenye mkeka barazani. Fabiani akakohoa kabla ya kusogea, akaweka mzigo chini.

"Mama, sijui kama ndiyo yenyewe."

Christina akainuka. Akaligonga dafu kwa kidole, akasikiliza, akaomba panga. Alilikata kichwa kwa ustadi, akalitoboa, akanywa amefumba macho, maji yakimtiririka kidevuni. Alipomaliza, wote wawili wakasubiri lirudi.

Halikurudi.

Akachonga kijiko kwa kipande cha ganda, akakomba ile nyama laini ya ndani. Kisha akakata la pili, akamsogezea mkwewe kwa mikono miwili. "Na wewe baba, kunywa."

Fabiani akanywa. Aliyaona kama maji yaliyosikia habari za sukari lakini hayajakutana nayo. Akamaliza yote.

Siku zilizofuata Christina alipata nguvu. Akatoa mbuzi aliyokuja nayo kutoka kwao, akaikalia, akakuna nazi kavu, akakamua tui, akapika wali na maharage. Chicha wakapewa kuku. Makumbi akayasugulia masufuria. Alikuwa ameona jinsi mzee alivyokunja uso kila akivaa shati, kwa hiyo tui jingine akalichemsha mpaka likatoa mafuta. Akayatia kwenye kifuu kisafi, akayaweka juu ya kigoda karibu na mlango wa mkwewe.

"Baba, ya kifua hayo. Jipake, michubuko itapona."

Jumapili, kwenye benchi la kanisani, mama Verdiana alivuta pumzi mara mbili. "Mzee Fabiani, leo unanukia kama vitumbua."

"Ni mkwe wangu huyo," Fabiani akasema, na hakushusha sauti.

Walirudi nyumbani taratibu, kwa sababu Christina bado alichoka haraka. Njiani akacheka peke yake.

"Baba yangu kule Muheza angeona ulivyoangusha yale mawili ya kwanza, angekufukuza shambani."

Kumbe Annonciata alishamsimulia pale kanisani. Fabiani naye akacheka.

"Sasa kwenu wanashushaje?"

"Kwanza mkwezi anakata ngazi kwenye shina," Christina akaanza, akionyesha kwa mikono, na mzee akapunguza mwendo ili asikie vizuri.