Daftari la Wangila

Machi 2006 kituo chetu cha utafiti wa mbegu kilinipa kazi ya kuchagua njia moja ya kusasisha programu kwenye seva zetu mbili za Linux. Moja ilikuwa Kitale, kwangu. Nyingine ilikuwa Bungoma, kwa Wangila, na ndiyo iliyobeba vipimo vya majaribio ya mahindi ya miaka tisa. Hapakuwa na nakala. Mashine ya kanda za kuhifadhia nakala iliharibika Novemba na ombi la kununua nyingine halikujibiwa.

Wangila alikuwa akichukua msimbo wa kila programu, yaani maandishi yake ya asili, na kuiunda mwenyewe. Mimi nilitaka zana inayopakua, kusakinisha na kuhesabu programu zilizosasishwa.

"Ati mashine ndiyo inichagulie, madam?" aliuliza kwenye simu. "Si itaniletea takataka ya watu."

"Na siku haupo?"

"Naenda wapi, bana? Na nimeandika yote kwa daftari."

Aprili baba yake alifariki, akaenda Naitiri kuzika. Wiki hiyo hiyo ilitangazwa kwamba programu ya hifadhidata tuliyotumia ina tundu linalomruhusu mgeni kuingia. Nilitakiwa kumpigia Wangila. Sikupiga, kwa sababu kwetu mtu aliye matangani hasumbuliwi kwa habari za kazi.

Niliiweka zana yangu Bungoma kupitia kwa Edah, karani wa huko, niliyemsomea amri kwenye simu herufi kwa herufi.

"Inasema nini?"

"Programu arobaini na moja. Zote mpya."

"Hifadhidata imo?"

"Imo, madam. Mpya kabisa."

Nilimshukuru, nikafunga faili.

Baada ya siku kumi na tisa mtu asiyejulikana aliingia kupitia tundu lile na kufuta kila kitu.

Wangila alirudi akiwa amenyoa kichwa. Alifungua daftari bila kuketi. Ukurasa wa kumi na mbili ulikuwa umeandikwa: hifadhidata nimeunda mwenyewe, iko saraka (folda) ya pembeni, ndiyo inayofanya kazi. Zana ilikuwa imeweka nyingine kando yake, ambayo hakuna aliyewahi kuiwasha, na ikaihesabu hiyo; ile ya Wangila ilibaki na tundu lake.

"Si ungenipigia tu, madam."

"Ulikuwa unazika."

Akaendelea kufunua. Kurasa za nyuma za daftari zilijaa majina ya waliokuja mazishini.

Ile misimu tisa haiwezi kupandwa tena. Katika ripoti niliandika kwamba zana ilifanya kazi kama ilivyoundwa. Hakuna aliyepinga.