Mgeni na Pazia Zito

Sello ile, ala kama fidla kubwa ya sauti nene, tuliipa jina la Mgeni, kwa sababu ilikuwa ya serikali, na cha serikali hakikosi siku ya kurudishwa. Iliingia kwenye duka langu la ushonaji mgongoni mwa binti wa kaka yangu, ndefu kumzidi yeye mwenyewe, ikaegemezwa ukutani kati ya cherehani na kabati la vitambaa. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe sina. Nilimvisha futi yangu ya kupimia shingoni, nikamwambia, "Haya, fanya kazi." Tangu siku hiyo nikitaka futi najua ilipo.

Binti huyo tunamwita Kimya, maana maneno yake ni ya kuhesabu. Alicheza alasiri, wateja wakiwa wameadimika na jua likiingia polepole mpaka kwenye meza ya pasi. Cherehani ilisimama yenyewe, sijui mguu wangu uliacha saa ngapi. Magauni yaliyoning'inia yalitikisika kidogo, nami nikaona kama wenyewe wamekuja kuyajaribu, hata wale ambao hawapo tena duniani. Nilikuwa naota macho wazi, sindano mkononi, na nilikuwa na furaha. Mteja akibisha hodi wakati huo nilimjibu vibaya.

Mwalimu wake alilipwa kwa ruzuku ya vipaji ya serikali, na Mgeni mwenyewe aliazimwa kwa ruzuku hiyo hiyo. Kisha ofisi ya utamaduni ikasema fungu limepungua: watoto watatu waliobaki kwenye ruzuku watashindanishwa, mmoja aendelee, wengine warudishe ala. Kununua sello nyingine? Ningeshona mpaka macho yaingie kiza, nisiipate.

Ili majaji wasimjue anayecheza, wasimpendelee mtoto wa fulani, watoto wangecheza nyuma ya pazia. Kulishona nikapewa mimi. "Hata kivuli kisionekane," alisema mwenyekiti wa majaji. Mimi kazi sifanyi nusu nusu. Nikaweka mahameli mbele, bitana nyuma, na katikati nikatia blanketi. Lilipoangikwa ukumbini, lilishuka wima kama ukuta. Nikajisifu mwenyewe, maana ukingoja sifa za watu utazeeka.

Siku ya mashindano waliniketisha pembeni, penye kamba ya pazia, sikio moja huku na jingine kule. Alianza msichana mdogo wa fidla. Upande wa nyuma sauti yake ilipanda nyembamba, safi, nikasahau hata nilipokaa. Upande wa mbele majaji walikuwa wameweka viganja nyuma ya masikio wapate kusikia. Mmoja akatikisa kichwa. Akaja wa filimbi, naye kwao akasikika kama anapuliza ndani ya mto.

Halafu Kimya akaketi, akamvua Mgeni futi, akaanza.

Sauti nene ilipita chini ya pazia na katikati yake, ikatambaa sakafuni mpaka miguuni kwa majaji. Wote walikaa wima. Mwenyekiti alifumba macho, akatabasamu. Nami nikajua hapo hapo: blanketi langu lilikuwa limewameza wale wawili, likampitisha wangu.

Ningenyamaza tu, na Mgeni angerudi dukani. Damu nzito kuliko maji, nani angenilaumu? Nilitamani kunyamaza, tena nilitamani sana. Lakini nyuma ya pazia yule msichana alikuwa anaifuta fidla yake kwa upindo wa gauni, taratibu, kama anayemwogesha mtoto mara ya mwisho. Nayo ilikuwa ya kuazimwa.

Kimya alipomaliza, nikasimama. "Waheshimiwa, pazia hili linakula sauti. Nyembamba linazimeza, nene ndiyo inayopita."

"Umejuaje, mama?" aliuliza mwenyekiti.

"Mimi ndiye fundi. Nimetia blanketi ndani."

"Blanketi! Nani alikuagiza blanketi?"

"Wewe. Si ulisema hata kivuli?"

Majaji wenzake wakacheka. Yeye akakuna kidevu, akasema, "Basi litoe. Watarudia wote."

Nilitoa wembe, nikaanza kufumua mshono wangu mzuri kuliko yote. Kimya akaja kunishikia pindo.

"Umemsikia yule wa fidla, shangazi?" alinong'ona.

"Nimemsikia."

"Anajua," akasema.

Pazia likabaki jepesi, likipumua kila mlango ulipofunguliwa. Msichana wa fidla akarudia. Ukumbi ulijaa, kisha ukawa kama hauna paa. Nilijiona dukani, alasiri, magauni yote yakitoka nje mlangoni moja moja, hayana haraka. Kimya naye alicheza kuliko siku zote, nikalia waziwazi, sikujificha. Lakini nina masikio mawili, na sikuhitaji jaji aniambie.

Nafasi ilikwenda kwa fidla.

Mtunza stoo wa ofisi ya utamaduni alikuja na kitoroli chake, mtu mpole, akasema samahani kana kwamba kosa ni lake. Kimya alikuwa ameshamfuta Mgeni nyuzi na kumrudishia futi shingoni, kwa mazoea tu. Wakamlaza ndani ya kasha. Nilipoiona futi nikanyoosha mkono niichukue, maana ndiyo pekee niliyokuwa nayo, na kesho kuna watu wa kupimwa.

Kimya akanishika mkono.

"Mwachie, shangazi," alisema. "Mgeni haondoki mikono mitupu."

Nikafunga kasha mwenyewe. Kesho yake wateja niliwapima kwa uzi.